Sauti Kutoka Mikokoni

Enzi zetu, sisi tuliozaliwa Pate kabla ya injini na tochi, mtoto alifundishwa maji kabla ya kufundishwa alifu. Mwenye miaka sita aliweza kukwambia, bila kwenda kutazama, kama saa hiyo mashua itaingia mjini au italala nje. Bandari yetu haikuwa ya kujisifia. Maji yakijaa, bahari huingia katikati ya mikoko mpaka karibu na nyumba, na mashua huja zikafungwa pale tulipokuwa tukiwaogesha punda. Maji yakitoka, hubaki tope jeusi, pana, lenye harufu ya mayai viza, na kaa wadogo wanaopunga gando moja kana kwamba wanakuaga.

Mliokulia kule mtakumbuka jinsi tulivyocheza kibe kwenye magofu, tukijificha nyuma ya kuta ambazo hata wazee hawakujua zilikuwa nyumba za nani. Wavulana walishindanisha vifuu vya nazi vilivyotiwa tanga la jani la mkungu. Sisi wasichana tuliambiwa huo si mchezo wetu, kwa hiyo tulishindanisha vyetu wao wakiwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na vyetu vilikwenda mbio zaidi. Chuoni nasi tulikwenda, asubuhi, na mbao zetu na wino wa masizi, tukarudi vidole vyeusi. Alasiri vidole hivyo hivyo viligeuka rangi ya kahawia, maana kila nyumba ilikuwa na tumbaku ya kugeuza na kuanika. Mpaka leo nikisikia harufu ya tumbaku mbichi hunijia na harufu ya uji wa mtama uliopikwa kwa tui, kwa sababu vyote viwili vilikuwa katika ua mmoja.

Usiku ulikuwa na sheria zake. Usifagie usiku, utafagia riziki. Usipige mluzi, utaita nyoka. Na ukisikia sauti kutoka mikokoni, hata ikikutaja jina lako, usiitike. Jifunike ulale. Huyo si mtu, anatafuta wa kumchukua, na anayeitika ndiye anayechukuliwa. Wajukuu zangu wakisikia haya hucheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja aliniuliza kama jini wa Pate alikuwa na orodha ya majina ya watu. Nikamwambia cheka, lakini sisi hatukucheka.

Tulikuwa na sababu ya kuogopa bahari usiku, na si sababu moja. Njia ya kuingia kwetu ilikuwa nyembamba na imepinda. Kando yake watu walisimika nyuzio za kutegea samaki, na nguzo zake zikifunikwa na maji nusu, mashua ya usiku haizioni mpaka zimekwisha kuitoboa. Na aliyekosa njia wakati maji yanatoka alikwama topeni. Mchana, kukwama ni jambo la kuchekwa. Usiku ni jambo jingine, kwa sababu maji yaliyotoka yatarudi, na tope la kwetu halimwachi mtu kwa haraka. Mtaa wetu ulikuwa na watu wake waliochukuliwa hivyo. Katika nyumba yetu alikuwa Ami Omari, kaka mkubwa wa baba yangu, aliyekufa kabla sijazaliwa. Alipatikana asubuhi karibu na mji, si mbali. Hatukuambiwa zaidi ya hapo, na Bibi, mama yao, hakupenda jina lake litajwe baada ya magharibi.

Sasa nisimulie usiku mmoja.

Ulikuwa mmoja wa miaka ile ya vita vya Mjerumani. Vita vyenyewe hatukuviona, tuliona tu kwamba mafuta ya taa yameadimika na sukari imepanda. Meno yangu ya mbele yalikuwa yameng'oka, na wavulana wakiniita Bi Pengo. Ilikuwa mwisho wa Shaabani. Baba yangu, Bwana Shee, alikwenda Amu, ndiyo Lamu, na mashua ya watu kununua tende na vitu vya Ramadhani. Sisi nyumbani tulivunja jungu bila yeye: Mama alipika wali wa nazi na samaki, Bibi akakaanga tambi, tukala mpaka tukalegea, kama desturi, tukijua mfungo uko mlangoni.

Jioni watoto wote tulipanda madarini kutafuta mwezi. Ilikuwa kusi, na mawingu yamefunika magharibi yote kama blanketi. Kila mmoja alidai ameuona. Mimi niliuona mara tatu, mahali patatu. Wazee wakatuambia tushuke, hapana mwezi, kesho tunakula mchana. Bwana Athmani, jirani yetu aliyekuwa muadhini, akasema labda Amu wameuona, lakini habari za Amu zitafika na mashua ya kesho. Watu wakalala.

Kumbe Amu mbingu ilikuwa imetakata kidogo upande wa mwandamo, na mwezi ulionekana, na Baba aliuona kwa macho yake. Hapo ndipo lilipofanyika kosa, na ni kosa ambalo watu wa visiwa vyetu pekee wangeweza kulifanya. Mtu yeyote mwingine angalilala Amu. Maji ya mwezi mwandamo hujaa alasiri, hutoka baada ya magharibi, na kila mtoto wa Pate alijua kwamba mashua itakayoondoka Amu baada ya kuuona mwezi itafika kwetu maji yakiwa yametoka kabisa. Lakini kulikuwa na mji mzima uliolala bila kujua kwamba kesho ni Ramadhani. Nani angelala na habari kama hiyo kifuani? Baba alimsihi nahodha, abiria wengine wakamsaidia, wakaondoka.

Walisukumwa na kusi vizuri mpaka karibu na kwetu, na mashua ikakaa juu ya tope, mbali. Nahodha akasema, "Tulale hapa, maji yatatuchukua alfajiri." Baba akamwambia, "Alfajiri daku imeshapita." Akashuka. Kandili ilikuwa na mafuta ya kutosha mpaka nusu ya njia, na baada ya hapo akaja kwa kukumbuka.

Mimi nililala chumba kimoja na Bibi. Nilipoamka Mama alikuwa amesimama katikati ya chumba, na sauti ilikuwa inatoka nje, mikokoni.

"Enyi watu wa Pate! Mwezi umeandama!"

Kisha kimya. Kisha ikaita, "Khadija! Ee Khadija!"

Khadija alikuwa Mama.

"Ni babake Mwanaidi huyo," Mama akasema, akinitaja mimi.

"Kaa kitako," Bibi akamwambia.

"Mama, naitwa."

"Nasikia unaitwa. Ndiyo maana nakwambia kaa." Bibi alikuwa amekwisha kutia komeo dirishani, na mgongo wake ameuegemeza hapo. "Mumeo si mwenda wazimu, aje saa hizi na mai yametoka. Nimemzaa mimi, simjui? Na leo ni usiku wa mwisho wa Shaabani. Ramadhani ikiingia mashetani wote wanatiwa minyororo. Usiku huu ndipo wanapomaliza hamu zao."

Hivyo ndivyo watu wote walivyoamini. Nyumba ya pili nilisikia dirisha la Bwana Athmani likifungwa kwa kishindo, na yeye akianza kusoma Kul Audhu kwa sauti ya mtu anayetaka asikike. Mtaa mzima ulikuwa macho, na hakuna aliyetoka.

"Khadija! Tope limenishika! Mai yajaa!"

Maji yalikuwa yakirudi, na Mama alianza kulia bila sauti. Mimi nilishika pindo la leso yake. Sikufanya jambo jingine lolote usiku ule, na sitadai nilifanya.

Ndipo Bibi akasema neno ambalo hakuwahi kulisema. "Hata Omari aliita hivyo."

Mama akamgeukia. "Ami Omari aliita?"

"Sauti yake iliita. Si yeye. Ilikuwa sauti yake tu. Iliniita mimi mpaka karibu na alfajiri. Nikataka kwenda, wakanishika, wakaniambia usiitike, Bi, huyo amevaa sauti ya mwanao. Nikajifunika uso." Akasema polepole, "Ikiwa huyu ni Shee, Khadija, basi na yule..."

Nilikuwa mdogo lakini nilielewa. Nilielewa kwa nini mgongo wake umeng'ang'ania lile dirisha. Hakuwa jini peke yake aliyekuwa nje. Akimfungulia huyu, atakuwa amekubali kwamba miaka yote ile yule mwingine pia alikuwa mtu.

Mama yangu hakuwa msomi. Alihitimu juzuu chache na akaolewa. Lakini alikuwa na akili ya kufumua kamba iliyotatizika. Alifuta macho, akaketi mbele ya mkwewe, akasema kwa utaratibu kama anayeomba chumvi.

"Mama, hebu sikiliza asemavyo. Asema mwezi umeandama. Ikiwa umeandama kweli, mashetani wamekwisha kufungwa, huyo ni mtu. Na ikiwa haukuandama, ni shetani gani huyo anayezunguka mji kutangaza kifungo chake mwenyewe?"

Nje sauti ilikuwa imepungua, ikawa ya mtu anayekohoa.

"Mwanamke we, una maneno," Bibi akasema. Akageuka, akatoa komeo kwa mkono wake mwenyewe, akafungua dirisha, akapiga ukelele ambao sikujua kifua chake kinao.

"Wewe unayeita!"

"Labeka, Mama!"

"Usiniite mama! Soma Ayatul Kursi, shetani haisomi!"

"Mama, mai yamenifika kiunoni—"

"Soma!"

Basi Baba akasoma, kule gizani, katika tope na maji. Alisoma kwa haraka na kwa kutetemeka, na alipofika mahali fulani katikati akavuta pumzi pasipostahili kuvutwa, kisha akaendelea mpaka mwisho. Bibi alikuwa akifuata kwa midomo. Akafunga macho.

"Ndiye," akasema. "Amepigwa chuoni miaka mitatu kwa pale, na bado."

Akashuka ngazi mbele ya Mama, mzee yule, akaupiga mlango wa jirani kwa ngumi. "Bwana Athmani! Acha kusoma, toka! Ni Shee topeni!"

"Bi, una yakini?"

"Nimemsikia akisoma."

"Alisoma vipi?"

"Vibaya."

"Basi ni yeye," akasema Bwana Athmani, na mlango ukafunguka.

Hapo mji ulizinduka. Watu waliwasha mienge ya makuti. Mama alikuwa amezoea kwenda topeni kutafuta kombe wa kula, na alijua kwamba tope halishindwi kwa nguvu. Wanaume walitaka kumtupia Baba kamba na kumvuta. Mama akakataa, akasema mtamkata kiuno. Akatandika majamvi juu ya tope, akalaza kitanda cha kamba mbele yake, akatambaa kwa tumbo hadi alipo mumewe, akaanza kulichimba tope la miguuni kwa mikono, maji yapate kuingia.

"Lala, Bwana! Usisimame, lala kama unaogelea!"

"Nikilala tende zitaloa."

Hakuwa anafanya mzaha. Kikapu cha tende kilikuwa kichwani mwake, amekishika kwa mkono mmoja tangu aliposhuka mashuani. Mama alimwambia neno juu ya tende hizo ambalo sitaliandika. Akalala. Kikapu kikaanguka majini, Bwana Athmani akakidaka. Mguu mmoja ukatoka, kisha wa pili, wakamburuta juu ya kitanda, wakamburuta juu ya majamvi, na maji yakija nyuma yao yakipanda majamvi moja moja.

Alipofika nchi kavu hakuomba maji wala nguo. Alikuwa mweusi kutoka kidevuni hadi vidole, macho tu yanang'aa. Alimtazama Bwana Athmani akasema, "Wallahi, mwezi nimeuona Amu kwa mato yangu."

Bwana Athmani akamtazama yule shahidi, jinsi alivyo. "Ushahidi wako umekubaliwa," akasema, "lakini kaoge."

Wakapiga ngoma ya daku. Mji mzima ukaamka kula, na mchana wake tukafunga. Jioni tulifungulia tende zile. Zilikuwa na chumvi ya bahari, na mchanga kidogo, na hakuna aliyelalamika.

Bibi hakula daku. Alikwenda kuketi kwenye dirisha, lililokuwa wazi sasa, na maji yamejaa chini, yametulia, kana kwamba hayajui lolote. Baba alitaka kwenda kumwambia maneno, Mama akamzuia. Yeye mwenyewe akaenda akaketi kando yake, bega kwa bega. Sijui walikaa hivyo mpaka lini, usingizi ulinichukua. Najua tu kwamba tangu siku ile Bibi alianza kumtaja Ami Omari, hata baada ya magharibi. Alitusimulia jinsi alivyopenda kula ukoko, na jinsi alivyocheka. Nadhani aliomboleza kwa mara ya kwanza. Alikuwa amemzika miaka mingi, lakini alikuwa amemzika pamoja na hofu, na hofu hairuhusu machozi.

Na mji ulibadilika, si kwa siku moja. Wazee walikaa msikitini wakakubaliana mambo. Habari ya mwezi italala Amu kama kila mtu, na atakayekula mchana kwa kutojua, Mungu ni msamehevu. Mashua ikitarajiwa, mtu atalala juu ya dari ya msikiti, asikilize. Sauti ikisikika mikokoni itaitikiwa, na anayeogopa aitikie kwa adhana, hapana shetani atakayeisogelea. Wapo walionung'unika. Bibi yangu hakunung'unika. Aligeuka kuwa mwitikaji wa mtaa. Aliwaitikia mbuzi waliopotea, aliwaitikia bundi, aliwahi kumwitikia mlevi aliyekuwa akiimba, akamwamuru asome. Tulimcheka, naye akatuacha tucheke. Lakini mwaka mmoja watu wa kisiwa cha Ndau walipasuliwa mashua na nguzo za uzio, wakashikilia matawi ya mikoko gizani, wakaita mara moja tu, na kabla hawajaita mara ya pili walisikia adhana kutoka juu. Mmoja wao alikuja kuoa Pate. Watoto wake nawajua.

Mama yangu tumemzika mwaka huu. Alikuwa mzee, alikwenda kwa usingizi, sina la kumlaumu Mola. Matanga yameisha, watu wamerudi makwao, na nyumba imekuwa pana. Ndiyo sababu nimeandika, kwa Kiswahili changu cha chuoni na cha jikoni, ili wenzangu tunaobaki tumkumbuke pamoja.

Sitasema enzi zetu zilikuwa bora kwa kila jambo. Tulikula vizuri zaidi, hilo naapa. Tuliheshimu wazee, na vijana wa sasa hata salamu huitoa kama wanadaiwa. Hawajui bamvua, maji makubwa, wala maji mafu, na wakikwama topeni huilaumu injini. Mjukuu wangu ana tochi ya betri nne na redio inayokoroma usiku kucha, na nikimwambia asipige mluzi gizani hupiga wa pili ili aone kama nyoka atakuja. Nyakati nyingine hutamani kumrudisha siku moja tu katika Pate ile, aone giza lilivyokuwa giza.

Lakini majuzi, usiku, mtu aliita kutoka mikokoni. Mimi, pamoja na yote niliyoyaona, mkono wangu ulikwenda kwenye komeo. Huyo mjukuu wangu alikuwa amekwisha kutoka, suruali imekunjwa hadi magotini, akimulika, akipiga kelele, "Tunakuja, kaka, tulia hapo hapo!" Hakuuliza ni nani. Hakungoja asomewe kitu. Hilo wametuzidi, na sioni haya kuliandika. Kwao, anayeita usiku ni mtu.